Vioo vya Pikipiki ya Baba

Ndugu Mhariri amenitaka niandike kidogo katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, akasema niandike juu ya jambo lo lote maadamu ni la kweli. Wenzangu niliosoma nao wamekwisha kuandika juu ya safari zao za Ulaya, juu ya mashamba yao, na juu ya mechi tulizoshinda na zile ambazo ni afadhali zisitajwe. Mimi sina safari ya kusimulia isipokuwa ile ya kutoka Jinja kwenda Mbale, kiasi cha kilomita 150, nayo nimeifanya mara nyingi hata makondakta wa basi wananijua. Habari yangu ni ya kioo. Si kioo kikubwa cha kabatini, bali kioo kidogo cha mviringo, kadiri ya kisahani cha kikombe cha chai, kile kinachofungwa kwenye usukani wa pikipiki ili mwendeshaji aone yaliyo nyuma yake. Nalikitafuta kwa muda wa miezi 14.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam. Vijana mliopo shuleni hivi sasa mmezoea Bajaj Boxer za waendesha bodaboda, na labda hamjapata kuona Bantam. Ni pikipiki ndogo, nyembamba, ya rangi ya kijani iliyofifia. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 123, gia ni tatu tu, na oili huchanganywa pamoja na petroli ndani ya tangi, kwa hiyo ikipita huacha nyuma moshi wa bluu na harufu ambayo sisi watoto wa zamani twaipenda kuliko manukato. Herufi BSA ni za kampuni ya mji wa Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya bunduki, kisha ikaingia katika baisikeli na pikipiki. Bantam maana yake ni kuku wa aina ya wadogo, na kweli ukiisikia asubuhi ikiwashwa utadhani jogoo anajaribu sauti.

Kuna jambo moja juu ya Bantam ambalo nalilijua baadaye, nikastaajabu sana, nami sina budi kulisema hapa kwa kuwa habari hii ni ya vioo. Pikipiki hii haikubuniwa na Waingereza. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125. Vita vya pili vilipokwisha, michoro yake ilichukuliwa na washindi kuwa sehemu ya malipo ya vita. Warusi wakatengeneza yao, Wamarekani yao, na Waingereza wakatoa Bantam mwaka 1948. Hata Wajapani waliiga, maana pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huo huo. Lakini Waingereza walipenda gia iwe mguu wa kulia, na Mjerumani alikuwa ameiweka kushoto. Basi wale mafundi wa Birmingham waliigeuza injini nzima, kulia ikawa kushoto na kushoto ikawa kulia. Ukiisimamisha ile ya Kijerumani mbele ya kioo kikubwa, injini utakayoiona ndani ya kioo ndiyo ya Bantam.

Baba aliinunua mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwa bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Wakati huo Baba alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa kupima kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bugisu kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1954, na vyama vidogo vilikuwa na maghala yao huko juu milimani, ambako wakulima walileta kahawa yao migongoni na vichwani. Kazi ya Baba ilikuwa kuzunguka katika maghala hayo na daftari lake. Njia zilikuwa za udongo mwekundu, zenye kupanda na kushuka katika miguu ya Mlima Elgon, ambao sisi twauita Masaba, na mvua ikinyesha zilikuwa kama sabuni. Mama alikuwa akisema ya kuwa aliijua sauti ya Bantam kabla ya kuijua sura ya mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke nchini katika siku 90. Nyumba zao zenye majina na miaka juu ya milango zingaliko Jinja na Mbale hata leo, lakini wakati ule maduka yao ya vipuri yalikwisha katika majuma machache, na baada ya hapo kupata hata plagi moja ikawa kama kutafuta dawa. Petroli nayo ikawa ya magendo. Mwaka 1976 Baba aliisukuma Bantam mpaka ghala ya nyuma ya jiko, akaifunika kwa magunia ya kahawa. Sisi watoto tulikuwa tukiipanda humo gizani na kufanya mlio kwa midomo.

Mwaka 2023 nalimwomba ruhusa niilete Jinja, ninakofanya kazi, nikaitengeneze. Alifikiri siku mbili, akakubali kwa sharti kwamba ikipona irudishwe kwake, naye aiendeshe mwenyewe. Nalicheka, nikasema, “Haya, Baba.” Miaka yake ilikuwa imepita 80. Sikufikiri ya kwamba ile kazi ingekwisha.

Habari za injini, magurudumu na rangi nitazipita upesi, maana fundi wangu wa Jinja ni mtu mwenye subira, na vipuri vya Bantam bado vinatengenezwa Uingereza kwa ajili ya watu wenye maradhi kama yangu. Pesa zilikwenda, na mke wangu alinyamaza kwa namna ambayo wenye ndoa mnaijua. Baada ya miezi kadha ikawaka. Vikabaki vioo.

Hapa ndipo nilipokwama. Katika miaka ile kioo cha pikipiki mara nyingi kilikuwa kitu cha kununuliwa mbali, kama vile mtu anunuavyo mkoba au kofia. Mmoja alitia kioo cha mviringo, mwingine cha mraba, wengine wengi hawakutia kabisa. Kwa hiyo hata ukiwa na kitabu cha sehemu zote za Bantam, hakikuambii kioo gani ni sawa. Nalikuwa na ushahidi mmoja tu, nao ni picha. Baba alipigwa picha Mbale mwaka 1964, amesimama kando ya pikipiki yake, suruali pana, viatu vinang'aa, mkono juu ya kiti kana kwamba ni bega la rafiki. Upande wa kulia wa usukani kuna kioo kimoja cha mviringo juu ya shina fupi lililopinda. Nikaazimu kwamba nitapata kioo kama kile kile wala si kingine.

Nalianza katika maduka ya vipuri vya bodaboda ya Jinja. Vioo vimejaa tele, vimening'inia kama popo, na vingi bei yake ni ya chakula cha mchana. Lakini vioo hivi huishia kwa bolti ya milimita 10 ambayo huingia katika kitako cha breki au cha klachi, nacho kitako hicho kina tundu lake tayari. Bantam haina tundu hilo. Usukani wake ni bomba tupu la inchi saba ya nane, na kioo chake hukaa juu ya kibano kinachoukumbatia usukani. Kijana mmoja wa dukani, mwema sana, aliniletea kioo cha Yamaha akakizungusha katika kibano cha kuazima, kikakataa. Alikizungusha tena kwa nguvu, karibu akivunje. Ndipo fundi wangu alipotuonyesha kwamba Yamaha nyingi bolti ya kioo cha kulia hukazwa kinyume, yaani kwa kuizungusha kushoto, ili kioo kikigongwa na kitu cha mbele kilegee badala ya kuvunjika. Tulijaribu tena kwa kibano kingine. Kikaingia, nikarudi nyuma kutazama. Bantam ilikuwa kama mzee aliyevikwa miwani ya jua ya mjukuu wake. Nikamwambia, “Ng'oa.”

Waendesha bodaboda waliokuwa wakitutazama walinionea huruma. “Mzee,” akasema mmoja, “vioo vya nini? Sisi twaving'oa siku ya kwanza.” Ni kweli, wengi huving'oa, au huvigeuza ndani, ili wapenye kati ya motokaa bila kukwaruza. Nalimwuliza basi hujuaje kinachokuja nyuma. Akagusa sikio lake. “Twasikia,” akasema.

Neno hilo lilinirudia wakati wa Pasaka mwaka 2024, Baba alipokuja Jinja kuikagua mali yake. Tulikuwa tukitembea katika barabara ya Iganga, mimi nikimweleza habari za kabureta, naye akiitikia kwa kichwa. Bodaboda moja ikatujia kwa nyuma ikipiga honi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nalisogea pembeni. Baba hakusogea. Aliendelea kutembea taratibu kama mtu aliye ndani ya shamba lake la migomba. Nalimvuta kwa koti, ile pikipiki ikapita ikimgusa mkono wa shati. Alinitazama kwa hasira kwanza, kisha akaona pikipiki inakwenda zake, akaelewa, akatazama chini.

Jioni nalimwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka juzi, sikio la kushoto kabisa, na la kulia husikia tu mtu akiwa karibu na uso wake. Hakumwambia mtu ye yote. Ile kuitikia kwa kichwa, ambayo sisi sote tulidhani ni utu uzima, ilikuwa hiyo.

Basi hapa nina jambo la kuungama mbele ya wasomaji. Nalimpigia simu dada yangu aliyeko Mbale, tukashauriana kwa muda mrefu. Yeye alisema wazi kwamba mtu asiyesikia asipande pikipiki, na kwamba pikipiki iuzwe. Mimi sikuweza kusema iuzwe, wala sikuweza kumwambia Baba kwamba nimevunja sharti letu. Nalichukua njia ya tatu, ambayo ni ya mwoga. Kila alipopiga simu kuuliza, nalimjibu kwa kupaza sauti, “Bado kioo, Baba! Natafuta kioo kilicho sawa!” Na kweli nalikuwa nikitafuta, lakini nalitafuta kama mtu anayeomba asipate. Nalikataa kioo kimoja kwa sababu shina lake lilikuwa refu kwa kidole kimoja. Nalikataa kingine kwa sababu ya umbo la nati. Rafiki mmoja mpenda pikipiki kuukuu alinipongeza kwa uaminifu wangu kwa picha. Nalipokea pongezi hizo, Mungu anisamehe.

Mwezi wa Desemba nalikwenda Mbale kwa sikukuu. Siku mbili kabla ya Krismasi Baba aliniambia, “Twende mjini, nikusaidie kutafuta.” Sikuwa na neno la kukataa. Tulianzia barabara ya Kumi, tukaja Naboa, tukiuliza duka kwa duka, yeye mbele na fimbo yake. Watu wengi walimjua. “Mulembe, mzee,” walimwamkia, naye akawatazama midomo na kuwaitikia sawasawa. Mwisho tulifika kwa muuza vipuri vya baisikeli, mtu mzima kama Baba, mwenye banda jembamba lililojaa minyororo na tyubu. Baba hakuuliza kwa maneno. Alitoa ile picha ya 1964 mfukoni akamwonyesha.

Yule mzee aliitazama picha, akamtazama Baba, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia nyuma, akarudi na bati la biskuti lililojaa vitu vya chuma vilivyoshikana kwa kutu. Humo ndani, chini kabisa, palikuwa na kioo cha mviringo juu ya shina fupi lililopinda, na kibano chake. Kromu ilikuwa imebanduka kama ngozi ya muhogo, na kioo chenyewe kilikuwa cheusi, zebaki yote imekufa. Lakini ndicho. Moyo wangu ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, ukafurahi na ukazama. Alitaka shilingi 20,000, tukamalizana kwa 15,000.

Tuliketi kwenye benchi la banda hilo tukapewa chai. Nalimwambia Baba karibu na sikio la kulia kwamba sasa pikipiki itakuwa kama ilivyokuwa kwenye picha, na itakuwa salama, maana ataona nyuma. Alinitazama kwa mshangao. “Nyuma?” akasema. “Tazama tena picha yako.” Nalitazama. Nalikuwa nimeitazama picha hiyo mara mia, nikapima shina kwa rula, nikahesabu hata nati, lakini sikuona kwamba kioo kimeelekezwa juu, kwenye uso wa mwendeshaji. “Hicho kilikuwa cha kuchania nywele,” akasema Baba. “Kabla ya kufika ghalani nalisimama, nikajifuta vumbi, nikachana nywele. Karani hawezi kuingia mbele ya wakulima kama mtu aliyetoka shimoni. Tena katika maghala mengine palikuwa na mabinti.” Yule muuza baisikeli akaitikia kwa nguvu kwamba ndivyo ilivyokuwa. “Nyuma palikuwa na nini wakati ule?” Baba akaendelea. “Vumbi langu mwenyewe. Motokaa ikija naliisikia tangu ng'ambo ya bonde.”

Kisha akanywa chai, akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ndogo, maana wasiosikia hupaza sauti lakini yeye hupunguza, “Najua kwa nini kioo hakipatikani, mwanangu. Mimi ni kiziwi, si mjinga.”

Sikuwa na la kusema. Akaniambia hataki kwenda Jinja kwa pikipiki, hataki barabara kubwa ya lami yenye malori na mabasi, wala hataki kuwaudhi watoto wake. Anataka kutoka nyumbani kwetu Bungokho kwenda ghala ya zamani ya kahawa na kurudi, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, njia ya udongo. “Kama macho yanaweza kufanya kazi ya masikio, nitakwenda. Kama hayawezi, utaiuza nami sitasema neno. Lakini tupime kwanza. Usiniamulie katika simu.”

Basi tangu siku hiyo nikaanza kutafuta kioo kwa kweli. Gamba na shina tulikuwa nalo, kikakosekana kioo chenyewe. Palepale Mbale nalimpata fundi wa kukata vioo, nikamtaka anikatie duara la kioo bapa kama kile cha asili. Alikata kwa dakika tano, tukakitia, nikakifunga kwenye usukani wa baisikeli ili nijaribu. Nalimsimamisha mpwa wangu nyuma, hatua 20 kutoka kwangu, na beseni la manjano kichwani, nikamwambia apite kutoka kulia kwenda kushoto. Katika kioo bapa nalimwona kwa hatua 4 tu, kisha akapotea. Mtu anayesikia atatosheka na hatua 4, maana sikio limekwisha mwambia ageuze shingo. Baba hana wa kumwambia.

Wanafunzi mnaofanya fizikia mtalikumbuka somo la vioo vya mbinuko, vile vilivyotokeza tumbo nje. Mimi katika mtihani wa somo hilo nalipata alama 31, na leo nalijua vizuri kuliko ndoa yangu. Kioo cha namna hiyo hukusanya mandhari pana na kuyaweka katika nafasi ndogo. Ukitaka kukijua, simamisha rula mbele yake: taswira ya rula ikinyoka, kioo ni bapa, ikipinda, kina mbinuko. Motokaa nyingi huwa nacho upande mmoja au yote miwili. Yule fundi alikuwa na kioo cha Toyota kilichovunjika pembeni, akachagua sehemu nzima katikati, akakata duara jingine polepole akimimina mafuta ya taa juu ya mkato. Alivunja la kwanza. La pili likatoka zima. Tulipolitia katika gamba la yule mzee, mpwa wangu alipita na beseni lake nikamwona kwa hatua 8.

Lakini hakuna kitu cha bure. Kioo cha mbinuko hukipunguza kila kitu, na jicho hudhani kilichopungua kiko mbali. Lori lililo mgongoni mwako hukuonekania kama mtoto wa lori lililo ng'ambo. Jambo hili halirekebishwi na fundi, ni mtu mwenyewe ajifunze. Tena kioo kimoja hakikutosha, kwa sababu sikio la kushoto la Baba ndilo lililokufa kabisa. Kioo cha pili cha aina ile hakikuwako Mbale nzima, kwa hiyo fundi wa bati alitutengenezea gamba la kushoto kutoka taa kuukuu ya baisikeli, na shina kutoka fimbo ya chuma. Chini ya vibano tulizungusha vipande vya mpira wa tyubu, maana Bantam hutetemeka, na kioo kinachotetemeka huonyesha ukungu tu. Mashina tuliyafanya mafupi kwa sababu hiyo hiyo. Wapenda pikipiki kuukuu watasema kioo cha kushoto si halali, na cha kulia ni nusu halali. Na waseme.

Nalikodi pikapu, tukaileta Bantam kutoka Jinja kwa njia ya Tirinyi, tukipita Namutumba na bonde la mto Mpologoma, mimi nimeketi nyuma nimeishika kama ng'ombe wa mahari. Dada yangu alitupokea akiwa amekunja mikono. Alisema yeye ndiye atakayehesabu.

Kila Jumamosi kwa majuma saba Baba aliketi juu ya Bantam iliyosimamishwa uani, injini inawaka ili itetemeke kama njiani, uso wake mbele kuelekea Wanale. Mimi nalikuja kwa nyuma kwa baisikeli, mara kulia, mara kushoto, mara upesi, mara pole, na alipoaswa kuniona aliinua mkono wa upande ninakotoka. Dada alisimama na daftari. Jumamosi ya kwanza, katika mara 10, Baba alinikosa mara 4. Dada aliliandika kosa kila moja kwa herufi kubwa. Jumamosi ya pili alinikosa mara 3, lakini alikuwa ameanza kuzoea kutazama kulia, mbele, kushoto, mbele, bila kuacha, midomo yake ikihesabu. Jumamosi ya tatu nalijaribu kumdanganya kwa kusimama katikati, mgongoni kabisa, mahali ambapo kioo cho chote hakifiki. Akainua mikono yote miwili. Alikuwa ameniona nikiingia mahali pale, wala hakuniona nikitoka. Dada alicheka kwanza kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika. Jumamosi ya sita na ya saba hakukosa hata mara moja, na Dada akafunga daftari, akasema, “Ghalani na kurudi. Na wewe uwe nyuma yake.”

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Agosti 2025, asubuhi mapema, maporomoko ya Wanale yanaonekana meupe juu ya mwamba. Nalikodi bodaboda kumfuata. Baba alivaa koti, akapiga kiki mara mbili, akaondoka na moshi wake wa bluu. Kijana wangu wa bodaboda alitaka kumpita mara moja, akisema mwendo huu ni wa mazishi. Nikamwambia akae nyuma. Pikipiki yake haikuwa na kioo hata kimoja. Tulipoukaribia mteremko wa kwanza, Baba akainua mkono wa kulia, akaushusha. Tukahama upande wa pili. Akainua wa kushoto.

“Huyu mzee ana macho kisogoni?” akauliza kijana.

Ghala ya zamani haina kahawa tena, ni kuta tu na bati lililoinama, na mwembe mmoja mkubwa mbele yake. Tulipofika Baba alikuwa ameshazima injini. Alikuwa bado juu ya kiti, amekigeuza kioo cha kulia kuelekea usoni, naye anachana kwa kitana zile nywele chache zilizobaki. Alipomaliza akakirudisha kioo mahali pake, akakikaza kwa vidole, akaniuliza mbona tumekawia.